MJADALA: Mtemi Mirambo akitungiwa tamthilia ya muziki, tuione sebuleni au tuifuate ukumbini?

Mleta mada
Wakuu, mwangaluka. Wamarekani waliirekodi tamthilia yao ya muziki ya Hamilton, kuhusu waziri wao wa kwanza wa fedha, palepale jukwaani New York, Juni 2016: maonyesho matatu, na vipande vingine vikachukuliwa ukumbi ukiwa mtupu. Tangu Julai 3, 2020 watu wanaitazama majumbani, dakika 160. Ndiyo maana swali linarudi kila mara hapa Tabora: Mirambo, mtemi wetu wa Wanyamwezi wa karne ya 19, naye akitungiwa ya namna hiyo, irekodiwe isambazwe, au ibaki ya ukumbini? Mimi nasema irekodiwe. Mtu wa Kaliua au Sikonge hawezi kuja mjini kutazama mchezo wa usiku halafu alale stendi. Pingeni, lakini kwa hoja.

Fundi Sauti, Isevya
Naunga mkono nusu. Tatizo letu ni sebule zenyewe. Lalamiko la kila siku kwa michezo ya aina hii ni "ngoma nazisikia, maneno siyasikii", na lawama zote anabebeshwa mwimbaji. Mara nyingi kosa liko kwenye faili. Faili likiwa na sauti ya chaneli sita, uimbaji na mazungumzo hukaa zaidi chaneli ya katikati. Kushoto na kulia unabaki muziki, nyuma makofi. Sasa wewe umechomeka flashi kwenye kideki cha bei poa, umetoa waya wa pini nyekundu na nyeupe hadi kwenye subufa. Baadhi ya vifaa hivyo vinatoa kushoto na kulia tu, katikati vinaitupa. Mirambo anafungua mdomo, unasikia zeze.

Tiba: ingia menyu ya sauti, chagua stereo. Kama haipo, ligeuze faili kwenye kompyuta, chaneli sita ziunganishwe kuwa mbili, ndipo ulitie kwenye flashi. Kisha shusha besi ya subufa hadi nusu au chini yake, kwa sababu besi ya subufa zetu imepangwa kwa singeli, na inafunika sauti ya mwanamume anayeimba chini.

Bluetooth usitumie. Sauti inachelewa kama sehemu moja au mbili za kumi ya sekunde. Kwenye filamu ya ngumi hutaona kitu, ila mdomo unaoimba ukipishana na sauti, jicho linakataa. Na kwenye TV zima ile mipangilio ya kulainisha mwendo, weka hali ya sinema, la sivyo jukwaa litateleza kama tamthilia za mchana.

Mama Bando, Cheyo
Fundi, hayo yote ni baada ya faili kufika. Dakika 160 ni sekunde 9,600. Kwa picha ya chini, megabiti 1 kwa sekunde, hiyo ni GB 1.2. Kwa picha safi ya megabiti 5 ni GB 6. Nani anachoma GB 6 jioni moja? Na ukitazama moja kwa moja, umeme ukikatika na ruta ikazima, picha imeganda katikati ya wimbo. Washushe usiku wakiwa na bando la usiku, watazame kesho.

Fundi Sauti, Isevya
Kweli dada. Ila ukishusha la GB 6, flashi iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, na TV nyingi za zamani hazisomi aina nyingine. Likikatwa vipande viwili, likatwe kwenye mapumziko ya mchezo. Ukilikata saa moja na dakika kumi kwa kukadiria tu, unaweza kumwacha mtu mkuki uko juu.

Mnyanyembe
Mmeingia kwenye waya na flashi kana kwamba suala la msingi limekwisha. Mimi napinga, na sababu yangu si bando.

Ukiwa ukumbini, macho ni yako. Mirambo anaimba katikati, lakini wewe unaweza kumtazama mpagazi aliyekaa pembeni na pembe ya ndovu begani, au mwanamke aliyetekwa amepiga magoti karibu na pazia. Kwenye video anayeamua ni mhariri, na mhariri atamtazama anayeimba. Sura ya Mirambo ikijaa kioo chote, jasho linamtiririka, sauti inapanda, nani asimpende? Huyo mwanamke ameshatolewa kwenye picha.

Na hadithi hii ina pande. Agosti 1871 wafanyabiashara Waarabu wa hapa, yule mwandishi Mzungu Stanley akiwa nao, walimfuata Mirambo wakapigwa. Mwezi huohuo wapiganaji wake, ruga-ruga, wakaingia Tabora, Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu hao, akauawa, sehemu ya mji ikachomwa. Vita vikaendelea hadi 1875, njia ya Ujiji ikawa ya taabu. Mtemi wetu wa Unyanyembe, Mkasiwa, alikuwa upande wa Waarabu. Kwa mtu wa Urambo, kwao Mirambo, huyo ni msaliti, kwa Mnyanyembe alikuwa anashika himaya yake. Hata hao Wamarekani, wanahistoria wao waliilaumu Hamilton kwa kuupita utumwa haraka mno. Ukumbini mtu anainuka mwisho anauliza. Sebuleni anazima TV anakwenda kulala.

Mleta mada
Mzee, hiyo imenigusa. Lakini ukumbi wa watu mia tatu utawafikia wangapi Urambo?

Mpiga Picha, Ipuli
Hoja ya Mnyanyembe ni ya kamera, kwa hiyo ijibiwe kwa kamera. Mchezo wa jukwaani unahitaji kamera tatu kwa uchache. Moja nyuma ya ukumbi, katikati, juu ya vichwa vya watu, imefungwa kwenye miguu mitatu, haizumu, haigeuki, inashika jukwaa lote mwanzo hadi mwisho. Mbili pembeni kwa sura. Mhariri anachanganya zote tatu. Pendekezo langu: ile ya nyuma nayo itolewe nzima, bila kukatwa, faili la pili kando ya lile lililohaririwa. Anayetaka kumtazama mpagazi amtazame mwanzo hadi mwisho. Sauti ni ileile, gharama ya ziada ni nafasi ya diski tu.

Kuhusu kurekodi kwenyewe, makosa yanayojirudia ni haya. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo kamera iwe fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50. Ukiacha 30 na 1/60, taa za ukumbi zinaweza kupiga mistari inayopanda na kushuka. Mwangaza upangwe kwa mkono kwa kufuata uso wa anayeimba. Kamera ikiachwa ijipangie yenyewe, inaona pazia jeusi, inaongeza mwanga, nyuso zinakuwa karatasi. Kila maiki irekodiwe njia yake, kilohezi 48, na kabla ya kuanza mtu apige kofi moja jukwaani mbele ya kamera zote ili baadaye picha na sauti zishikanishwe.

Maiki ndogo ikae kwenye mstari wa nywele, isiwe kifuani, maana shanga na ngozi zitakwaruza. Jasho la mcheza manyanga linaweza kuua kisambaza mawimbi cha kiunoni. Kivisheni kondomu isiyo na mafuta, msicheke, ndivyo inavyofanywa. Betri mpya kila onyesho, hata kama za jana zinaonesha nusu. Ngoma zikae pembeni, zisiwe mgongoni mwa mwimbaji, la sivyo kila maiki itabeba ngoma na fundi hataweza kuishusha peke yake.

Na msithubutu kurekodi kati ya Novemba na Aprili. Bati la ukumbi mvua ikipiga hakuna programu itakayoitoa. Juni hadi Septemba. Maonyesho mawili yenye watu, siku moja bila watu kwa sura za karibu, na mavazi yaleyale, hata kamba ya kiatu.

Mwalimu, Chemchem
Lugha je? Hamilton ina maneno zaidi ya 20,000. Waigizaji wanachana, anayesoma maandishi chini anabaki nyuma. Kiswahili kinarefuka: "wasingelitushinda" ni herufi kumi na saba, neno moja. Kipimo kizuri ni mistari miwili, herufi kama 40 kila mmoja, ikae sekunde mbili hadi sita. Kwa hiyo hutafsiri kila neno. Kiitikio kiandike mara ya kwanza tu, kisha nyamaza.

Mirambo wetu aimbe Kiswahili, Kinyamwezi kibaki kwenye nyimbo za vita na za mazishi, na kiandikiwe tafsiri chini. Vijana wa mjini hawakijui, tuache kujidanganya. Faili la maandishi liwe na jina lilelile la video, lihifadhiwe kwa UTF-8, la sivyo ng'ombe wa Mirambo watatokea na alama ya kuuliza shingoni.

Mtu wa Karatasi
Nakumbusha tu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 ipo, na Bodi ya Filamu ipo. Kutazama sebuleni ni jambo moja, kibanda umiza kukusanya viingilio ni jambo jingine, kinahitaji ruhusa ya mwenye kazi. Mikataba ya waigizaji na wapiga ngoma itaje video kwa jina kabla ya kamera kuwashwa. Mpiga ngoma aliyelipwa kwa usiku mmoja akijiona kwenye kila flashi sokoni atakuja kudai, na atakuwa na haki.

Mnyanyembe
Mpiga Picha, hiyo ya kamera ya nyuma nimeielewa. Nalegeza, kwa sharti: liandikwe kwenye mkataba kwamba faili hilo litatoka siku moja na lile lililohaririwa, siyo "baadaye". Na yule mwanamke wa karibu na pazia apewe maiki. Hata ubeti mmoja.

Mleta mada
Maiki ngapi basi, Fundi?

Fundi Sauti, Isevya
Nilikuwa nimepiga hesabu ya kumi na mbili. Andika kumi na tatu.