Kitufe kimoja, majina matano: Win, Super, Meta, Cmd, GUI. Niandike lipi?

mwandishi_mwongozo

Wakuu, habari zenu. Naandaa mwongozo wa programu ya kuhariri maandishi inayotumika kwenye Windows, macOS na Linux. Mikato ya kibodi (shortcuts) inakaa kwenye faili la JSON (faili la maandishi la mipangilio) ambalo mtumiaji anaweza kulibadilisha mwenyewe. Kinachonisumbua ni majina ya vitufe. Kile chenye nembo ya Windows, GNOME wanakiita Super, KDE wanakiita Meta (hayo ni mazingira mawili ya eneo-kazi ya Linux), na QMK, programu inayoendesha ndani ya kibodi, inakiita GUI. Delete ya Mac inafuta kurudi nyuma, ya kwingine inafuta kwenda mbele. Je, kuna jina moja la kutumia kote? Na mtumiaji akilalamika kwamba kitufe hakifanyi kazi, nitajuaje mfumo wake unakiona kama nini?

msimbo_E3

Jina moja la kote halipo, mkuu, na ukililazimisha utawapoteza wasomaji wengi. Cha muhimu ni kujua kila jina linatoka ngazi gani.

Kibodi haitumi jina, inatuma namba. Kwa kibodi za USB namba hizo ziko kwenye jedwali la HID, kiwango cha USB cha vifaa kama kibodi na kipanya. Kitufe cha nembo cha kushoto ni 0xE3 (0x maana yake namba imeandikwa kwa msingi wa 16), na jedwali linakiita Left GUI. QMK imefuata hapo: KC_LGUI, KC_LWIN na KC_LCMD zote ni namba ileile. Juu ya hapo kila mfumo unabatiza upya. Windows inakiita VK_LWIN (0x5B). Kiini cha Linux kinakiita KEY_LEFTMETA, namba 125. X11, mfumo wa madirisha wa Linux, inaongeza 8, inakuwa 133, kisha inakipa jina Super_L. Kwa hiyo ndani ya mashine moja ya Linux kitufe hichohicho ni Meta chini na Super juu, na wote wako sahihi. Kivinjari nacho kinaripoti "Meta" kwa kitufe cha Windows na kwa Command ya Mac pia.

Angalia sana majina ya zamani ya Windows, yanapotosha. VK_MENU si kitufe cha menyu, ni Alt. Kitufe cha menyu ni VK_APPS, kwenye kivinjari ni "ContextMenu", na kwenye kiini cha Linux ni KEY_COMPOSE, ingawa KEY_MENU ipo na ni kitu kingine. VK_PRIOR na VK_NEXT ni Page Up na Page Down.

Kuchunguza: kwenye Linux anza chini kwa `sudo evtest`, kisha panda juu kwa `xev -event keyboard`, au `wev` kama ni Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X11. Kwenye Mac tumia Karabiner-EventViewer. Kwenye mfumo wowote fungua konsoli ya kivinjari, bandika mstari huu, bofya ndani ya ukurasa, halafu bonyeza kitufe:

`addEventListener('keydown', e => console.log(e.key, e.code))`

Ikiwa evtest inakiona kitufe lakini xev haikioni, mazingira ya eneo-kazi yamekidaka kabla hakijafika kwenye programu. GNOME hufanya hivyo kwa Super. Ikiwa hata evtest haioni kitu, tatizo liko kwenye kibodi yenyewe. Kibodi nyingi za michezo zina swichi ya kuzima kitufe cha Windows, na Fn kwa kawaida huishia ndani ya kibodi bila kutuma chochote.

kishale_nyuma

Naongezea kwenye Delete. Kitufe kilichoandikwa "delete" kwenye Mac kinatuma 0x2A, yaani namba ileile ya Backspace. Tofauti ni maandishi ya juu tu. Kufuta kwenda mbele ni fn+delete, na hapo ndipo macOS inaisoma kama 0x4C. Kwenye faili andika Backspace na Delete kulingana na namba. Kwenye mwongozo wa Mac andika kile msomaji anachokiona kwenye kitufe.

Return na Enter zina shida ya namna hiyo. Kikubwa ni 0x28, cha upande wa tarakimu ni 0x58. X11 inavitenga kama Return na KP_Enter, hivyo mkato uliofungwa kwa Return peke yake hauitikii kile cha pembeni. Kivinjari kinasema "Enter" kwa vyote. Ukitaka kuvitofautisha soma `code` (mahali pa kitufe, si herufi inayotoka), utaona NumpadEnter.

Kama programu yako ina toleo la terminali, hapo jina halikusaidii kabisa. Kwa kawaida Tab na Ctrl+I hutuma baiti moja, vivyo hivyo Enter na Ctrl+M, Esc na Ctrl+[. Backspace hutuma 0x7F au 0x08 kutegemea terminali, na 0x08 ndiyo Ctrl+H. Ukiifunga Ctrl+H kwa kazi nyingine, kuna watumiaji watakaoiamsha kila wanapofuta herufi. Anayeona `^?` au `^H` zikichapwa badala ya kufuta, aandike `stty erase` ikifuatiwa na alama hiyohiyo aliyoiona, ndani ya nukuu.

mwandishi_mwongozo

Asanteni sana. Sasa AltGr ni kitufe kinachojitegemea au ni Ctrl+Alt? Na M-x (Meta pamoja na x) ya kihariri cha Emacs ndiyo hiyo Meta ya KDE?

msimbo_E3

Hapana, ni Meta mbili tofauti. Meta ya Emacs imetoka kwenye kibodi za MIT zilizokuwa na Control, Meta, Super na Hyper. Kwenye PC za leo kazi yake inafanywa na Alt, au Esc ikifuatiwa na herufi. Kwenye Terminal ya Mac lazima uwashe "Use Option as Meta key", la sivyo Option inachapa alama. Angalia pia herufi kubwa kwenye mikato ya Emacs: S- ni Shift, s- ni Super.

AltGr ni Alt ya kulia, ila kwa mipangilio ya kibodi inayoitumia, Windows inaiambatanisha na Ctrl ya kushoto. Kwa Mjerumani AltGr+Q ni @. Ukiweka mkato wa Ctrl+Alt+Q, umemnyima uwezo wa kuandika anwani ya barua pepe. Usiweke Ctrl+Alt+herufi kama mkato wa awali, hata mmoja. Kwenye Mac, Option ndiyo yenye kazi hiyo: Option+P kwenye kibodi ya Marekani inatoa π, kwa hiyo mkato unaosubiri "p" hautaamka.

mpangilio_azerty

Kwa faili la JSON, amua kwanza kama mkato unafuata herufi au mahali. Kutendua (Ctrl+Z) ni herufi: tumia `key` (herufi inayotoka), kwa sababu kwenye kibodi ya Kijerumani Z ipo mahali ambapo `code` inasema KeyY. Mikato ya Option ya Mac ndiyo pekee ningeitolea ruhusa ya kutumia `code`, kwa sababu aliyoitaja mkuu hapo juu.

Kwa Ctrl na Cmd weka neno moja, mfano CmdOrCtrl kama Electron (zana ya kutengeneza programu za kompyuta), na programu ichague yenyewe. Ukitumia Qt, zana nyingine ya namna hiyo, kumbuka kwamba kwenye Mac "Ctrl" yake ndiyo Command na "Meta" yake ndiyo Control. Usigeuze tena kwa mkono, utazirudisha kinyume.

Wakati wa kusoma faili pokea majina yote yanayozoeleka: Esc na Escape, Del na Delete, Return na Enter, Win, Super na Cmd. Wakati wa kuandika, toa moja tu. Na kama unatenganisha kwa alama ya kujumlisha, kitufe chenyewe cha + kiandike Plus, maana "Ctrl++" ukiikata kwenye kila + unabaki na vipande viwili vitupu.