Bima ya vibarua wa ujenzi Arusha: kipi ni cha lazima, kipi cha kuongeza, na nitenge kiasi gani?

MwashiSakina
Wakuu, habari za kazi. Tuna kampuni ndogo ya ujenzi, tumepata jengo la ghorofa moja Njiro, mkataba wa milioni 180, miezi sita. Mwenye jengo anataka kuona "bima zote" kabla ya kutukabidhi saiti. Watu wetu ni mafundi 3 kwa 35,000 kwa siku na saidia fundi 7 kwa 15,000. Wengi ni vibarua, wanabadilika karibu kila wiki. Sheria inalazimisha kipi? Na kibarua wa siku mbili naye anahesabika?

MhasibuWaSaiti
Mkuu, anza na WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Huo si wa hiari kwa mwajiri yeyote wa Tanzania Bara, na kibarua unayemlipa kwa ajili ya biashara yako anahesabika hata akifanya siku mbili. Kujisajili ni bure, kupitia mtandao wa Mfuko, ukiwa na TIN na nyaraka za kampuni.

Mchango ni 0.5% ya malipo yote ya wafanyakazi kwa mwezi. Kwa hesabu yako: mafundi 105,000 kwa siku, saidia fundi 105,000, jumla 210,000. Zidisha siku 26 unapata 5,460,000, na nusu asilimia yake ni 27,300. Hiyo ndiyo gharama ya mwezi kwa watu kumi. Inatoka mfukoni mwa mwajiri, usimkate kibarua hata shilingi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni mchango mwingine kabisa, usije ukadhani ukilipa mmoja umemaliza na wa pili.

Wengi wanaharibu kwenye kuandika malipo pungufu. Fidia inahesabiwa kwa kipato kilichoripotiwa. Saidia fundi wa 15,000 ana 390,000 kwa mwezi; akiumia akawa hawezi kazi kwa muda, malipo yake ni 70%, yaani 273,000. Ukiripoti nusu ya kipato, wewe unaokoa 13,650 kwa mwezi kwa watu wote kumi, na aliyevunjika mguu anapoteza zaidi ya laki moja na thelathini kila mwezi akiwa kitandani. Tafadhali usifanye hivyo.

Kwa kuwa watu wanabadilika, weka daftari la saiti: jina kamili, namba ya NIDA, simu, kazi, malipo ya siku, saini. Lijazwe asubuhi kabla mtu hajashika koleo. Likijazwa jioni, aliyeanguka saa nne asubuhi hayumo, na hapo utaanza kubishana kama alikuwa mfanyakazi wako.

WakalaBimaMoshi
Nyongeza upande wa bima za kampuni binafsi. Anachotaka mwenye jengo bila shaka ni bima ya hatari zote za mkandarasi: moto, mafuriko, wizi wa vifaa, ukuta kuanguka, pamoja na madhara kwa majirani na wapita njia. Soma mkataba wako, mara nyingi imeandikwa humo na kiwango chake. Hii haiwalipi vibarua wako wakiumia, na ndipo watu wanapochanganya.

Thamani ya kukatia bima si bei ya mkataba peke yake. Kama mwenye jengo analeta mwenyewe mabati na vigae vya milioni 45, thamani ni milioni 225. Ukikata kwa 180 umekata 80% tu, hivyo hasara ya milioni 10 inalipwa milioni 8, kisha inatolewa sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Ada ni kiwango mara thamani, halafu VAT ya 18%. Tuseme umepewa 0.3% (ni mfano wa hesabu tu, kila saiti ina bei yake): 675,000, VAT 121,500, jumla 796,500. Omba bei kwa kampuni tatu na ulinganishe pia kile kiwango cha kubeba mwenyewe, maana ada ndogo mara nyingi imeficha kiwango kikubwa. Kisha lipa yote mapema; bila ada hakuna bima.

Ya tatu ni bima ya ajali ya kikundi, inayowalipa watu wako wakipata ajali. Si lazima kisheria, ila inafaa. Kwa vibarua wanaobadilika, omba ikatwe kwa idadi na aina ya kazi, si kwa majina. Ya majina itakuacha na orodha ya walioondoka mwezi uliopita.

MwashiSakina
Asanteni sana. Fundi umeme amechukua kazi kwa mkupuo na anakuja na vijana wake wanne. Hao ni wa nani?

MhasibuWaSaiti
Kama anawalipa yeye, yeye ndiye mwajiri. Dai cheti chake cha WCF kabla hajaingia. Hana? Waingize vijana kwenye daftari lako, uwalipe wewe moja kwa moja na uwalipie mchango, kisha upunguze kwenye mkupuo wake. Na asiye na miaka 18 asipande jukwaa wala kushuka msingini, hata kama ni mdogo wake fundi.

MsimamiziUsalama
Msisahau OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi: sajili saiti kama eneo la kazi, na kofia, buti na glavu ni gharama ya mwajiri. Kagua mirunda ya jukwaa kila asubuhi, hasa baada ya mvua. Kamba inalegea na mguu wa mrunda unazama kwenye udongo laini.

Mtu akiumia, mpeleke hospitali kwanza. Piga picha mahali palipotokea kabla hapajasafishwa, andika majina ya mashahidi wawili, tunza risiti zote za matibabu na usafiri. Taarifa ifike WCF ndani ya siku 7. Mwambie daktari wazi kwamba ameumia kazini ili aandike hivyo kwenye fomu. Ikiandikwa "ameanguka" basi, madai yatarudishwa kuulizwa upya.