Mafuta ya mkaratusi katika nyumba za walowezi wa Australia: tiba ya kweli au sifa za wauzaji?

Mdadisi

Ndugu zangu, nimekuwa nikisoma kuhusu maisha ya kila siku katika makoloni ya Kiingereza ya Australia, kabla hayajaungana kuwa nchi moja mwaka 1901, na kuna jambo moja linalonitatiza. Kila habari inapogusa ugonjwa wa nyumbani, chupa ya mafuta ya mkaratusi haikosi kutajwa. Mtoto mwenye mafua hupewa matone machache juu ya donge la sukari. Baba mwenye baridi yabisi husuguliwa mgongo. Jeraha hupakwa, chawa huuawa, na hata blanketi za sufu hufuliwa kwa maji yaliyotiwa mafuta hayo hayo. Matangazo ya wauza dawa yalivuka mipaka kabisa, kwani yaliahidi kuponya hata dondakoo na homa za kila aina.

Ninaomba kufafanuliwa mambo mawili. Je, desturi hii ilianzishwa na madaktari, na wenyeji asilia, au na wafanyabiashara? Na je, mafuta hayo yalitibu chochote, au wagonjwa walipona wenyewe kisha sifa ikaiendea chupa?

Msomaji wa Nyaraka

Ndugu Mdadisi, wote watatu wana sehemu yao, ingawa mfanyabiashara ndiye aliyeiingiza chupa hiyo katika kila nyumba.

Madaktari ndio walioanza, tena kwa kulazimika. Msafara wa kwanza wa meli za wafungwa ulifika mwaka 1788, ukiwa mbali na kila duka la dawa waliloweza kulitegemea, na John White, daktari mkuu wa msafara huo, alianza mara moja kuichunguza mimea iliyokuwa karibu naye. Kulikuwa na mti ambao majani yake yalinukia kama peremende. Mafuta yake yakakenekwa, yaani yakatolewa kwa mvuke, na katika shajara yake iliyochapishwa London mwaka 1790 White aliyasifu kuwa yanatuliza msokoto wa tumbo kuliko hata mafuta ya peremende ya Uingereza. Msaidizi wake, Dennis Considen, naye alimwandikia mwanasayansi Joseph Banks akidai kwamba sifa ya kuitumia mimea hiyo kama dawa ilikuwa yake. Angalia kwamba matumizi hayo ya kwanza yalihusu tumbo. Kifua na mafua, ambavyo leo ndivyo vinavyotujia akilini mara moja, vilikuja kutawala baadaye.

Baada ya hapo zilipita zaidi ya miaka sitini pasipo biashara ya maana. Mambo yalibadilika katika koloni la Victoria katika miaka ya 1850, dhahabu ilipowavuta watu kwa maelfu wakaishi katika mahema yenye unyevu na baridi. Joseph Bosisto, mfamasia mzaliwa wa Uingereza aliyefika Adelaide mwaka 1848, alikwenda kwanza kwenye machimbo kama wengine, kisha akafungua duka la dawa huko Richmond, karibu na Melbourne. Ferdinand von Mueller, mtaalamu wa mimea wa serikali ya Victoria, alikuwa akiamini kwamba misitu ya koloni hilo ilikuwa na utajiri uliokuwa haujaguswa, na ndiye aliyemhimiza Bosisto kuyafanyia kazi majani ya mikaratusi. Bosisto akajenga mtambo wa kukeneka kando ya kijito cha Dandenong, akayapeleka mafuta yake kwenye maonyesho ya kimataifa, na hatimaye akayauza hadi Uingereza. Nembo yake ilikuwa kasuku.

Ukitaka kujua kwa nini akina mama waliyapokea kwa mikono miwili, fikiria hali ya shamba lililo mwendo wa siku nzima kwa farasi kutoka kwa daktari wa karibu. Daktari huyo alikuwa ghali, na mara nyingi alifika ugonjwa ukiwa umeshaamua mwisho wake. Chupa ndogo ya mafuta ilikaa muda mrefu bila kuharibika, ilitumika tone kwa tone, na harufu yake kali ilimfanya mgonjwa asadiki kwamba kuna kitu kinafanyika. Kwa maoni yangu, sababu hiyo ya mwisho haikuwa ndogo.

Mjukuu wa Mganga

Maelezo ni mazuri, lakini wenyeji asilia wametajwa mwanzoni kisha wakaachwa njiani. Walikuwa wakiyatumia majani ya mikaratusi kwa maelfu ya miaka kabla ya 1788: waliyaweka juu ya makaa au mawe ya moto, mgonjwa akavuta mvuke na moshi wake, na utomvu mwekundu wa baadhi ya miti hiyo waliutumia kwa vidonda na kwa kuhara. White mwenyewe aliwapa utomvu kama huo wagonjwa wake wa kuhara damu. Mtambo wa kukeneka ulikuja na Wazungu, hilo halina ubishi. Kujifukiza kwa majani hayo hakukuja nao. Nyaraka nyingi za kikoloni ziliandikwa na watu ambao hawakuona haja ya kumtaja aliyewatangulia.

Mzee wa Maabara

Nitajibu swali la pili, ingawa ni lazima kwanza nieleze mafuta yenyewe yalivyopatikana.

Mtambo wa porini ulikuwa kitu cha kawaida tu. Majani pamoja na vitawi vyake laini yalishindiliwa ndani ya tangi la chuma, kifuniko kikazibwa kwa udongo wa mfinyanzi ili mvuke usitoroke, kisha maji yakachemshwa. Mvuke ulipopenya kwenye majani uliyabeba mafuta, ukapita katika bomba lililolazwa ndani ya maji baridi, ukageuka kuwa kimiminika na kutiririka chomboni. Kwa kuwa mafuta hayo ni mepesi kuliko maji, yalielea juu, na kazi iliyobaki ilikuwa kuyaengua. Kilo mia moja za majani mabichi hutoa takriban kilo moja au mbili za mafuta, kutegemea aina ya mti.

Aina ya mti ndiyo inayoamua kila kitu hapa, na matangazo ya wakati ule hayakuigusa. Aina za mikaratusi zinahesabiwa kwa mamia, na mafuta yake hayafanani. Kiungo kinachofungua pua, ambacho mkemia Mfaransa Cloez alikiita eukaliptoli mwaka 1870 na ambacho leo huitwa sineoli, kimejaa katika mkaratusi wa buluu wa Tasmania na katika vichaka vya “mallee”, yaani mikaratusi mifupi yenye mashina mengi, vilivyoko karibu na mji wa Bendigo huko Victoria, lakini ni kidogo katika ule mti wa peremende wa Sydney uliomvutia White, ambao una kiungo kingine, piperitoni, kwa wingi. Kwa hiyo mafuta ya mwaka 1788 na yale yaliyouzwa karne moja baadaye yalikuwa vitu viwili tofauti kikemia. Mpangilio wa kisayansi ulikuja mwaka 1902, Baker na Smith wa makumbusho ya teknolojia ya Sydney walipochapisha uchunguzi wao wa mafuta ya aina moja baada ya nyingine.

Sasa, je, yalitibu? Sineoli huleta hisia ya ubaridi puani, hewa ikaonekana kupita kwa urahisi, na husaidia kulainisha makohozi. Huua baadhi ya bakteria, na daktari mpasuaji Joseph Lister aliwahi kuyajaribu mafuta hayo katika vitambaa vya kufungia vidonda. Hivyo kwa mafua, misuli inayouma, mikwaruzo midogo na chawa, mama wa shambani hakuwa akijidanganya kabisa. Kwa dondakoo yalikuwa bure, na kila saa iliyopotea kwa kuyasubiri ilikuwa ya hatari. Sifa ya kuzuia homa ilitoka kwenye nadharia iliyosema kwamba hewa mbaya ya vinamasi ndiyo inayoleta malaria. Mikaratusi hunywa maji mengi na kukausha vinamasi, ndiyo maana watawa wa Tre Fontane, karibu na Roma, waliipanda kwa wingi. Ronald Ross alipoonyesha nafasi ya mbu katika miaka ya 1897 na 1898, nadharia hiyo ilikosa msingi.

Mdadisi

Mzee wangu, nakushukuru sana, na ninyi nyote. Limebaki hili la sukari: kwa nini watoto hawakudhurika, ikiwa leo chupa hizo huandikwa onyo la kutoyanywa?

Binti Mfamasia

Wapo waliodhurika. Matone mawili au matatu juu ya sukari ni sehemu ndogo sana ya mililita moja, kiasi ambacho kilikaribiana na kipimo cha vitabu vya dawa vya Kiingereza, na sukari ilimlazimisha mzazi kuhesabu. Hatari ilikuja pale mtu alipomimina kwa kijiko, au mtoto alipoifikia chupa mwenyewe, kwa kuwa mililita chache tu zinaweza kumtia mtoto usingizi mzito na degedege ndani ya muda mfupi. Aliyeyanywa asilazimishwe kutapika, kwa sababu mafuta yakiteleza kuingia mapafuni madhara yanaongezeka. Apelekwe hospitali mara moja, pamoja na chupa yenyewe ili wahudumu wajue alichomeza.

Mtoto mchanga hapaswi hata kupakwa karibu na pua, kwani harufu hiyo kali inaweza kumbana pumzi. Walowezi walifanya hivyo mara nyingi, na hiyo ni desturi yao moja ambayo sioni sababu ya kuitetea.