Ukuta ni wetu wote wawili, nimelipa mimi, msumari kapigilia yeye!

Wakuu, mikono inatetemeka, mkiona herufi zimeruka mjue ni hasira. Mtu mwenyewe mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa upande wa pili wa ukuta wangu. WETU! Umekaa juu ya mpaka, nusu tofali kwake, nusu kwangu.

Leo nimempelekea hesabu ya fundi, nusu yake tu. Nimemkuta kasimama na nyundo, msumari kaubana kwa meno. Kanisikiliza hadi mwisho. Akautoa msumari mdomoni, akasema, "Mimi sikukutuma." Kisha akageuka, akaupigilia kwenye ukuta huo huo! Kwenye plasta mbichi niliyoilipia mimi! Anafunga kamba ya nguo!

Na ukuta uliinama kwa sababu ya nani? Bati lake halina gata. Mvua ikinyesha, maji yote yanashukia kwenye msingi, yameuchimba mpaka ukabaki kama meno ya kikongwe. Ufa ulianza wa kupitisha karatasi, ukaishia wa kupitisha ng'ombe na ndama wake. Nilipomwambia mara ya kwanza, "tutaona." Mara ya pili, "mwezi ujao." Mara ya tatu kazima taa kajifanya hayupo, na kikohozi chake nakisikia!

Nikaita fundi. Tumebomoa kipande kilicholala, tumechimba hadi udongo mgumu, tumefunga nondo, tumemwaga zege, tumepandisha matofali na kuacha matundu ya kutolea maji. Siku 7 nimemwagilia zege asubuhi na jioni, maana likikauka haraka linapoteza nguvu na kupasuka. Upande wake pia! Ananifungulia geti mwenyewe, nina ndoo mkononi, ananiuliza "kazi inaendeleaje?" Halafu leo hakunituma. Kautoa mdomoni kabisa ndipo akasema!

Zege_Zito: Pole mkuu. Mliandikishana kabla ya kuanza?

Mwenye uzi: Tuandikishane nini na ukuta unaanguka? Nimesema alikuwa na MSUMARI MDOMONI.

Zege_Zito: Kwa hiyo hamkuandikishana.

Bibi_Mpaka: Hahaha, msumari mmoja tu ndio umefungulia uzi? Wangu kaezeka chumba kizima, mihimili kaichomeka kwenye ukuta niliojenga peke yangu. Nilipouliza, kanipongeza kwamba ukuta ni imara.

Kifungu: Wenzetu wameyaandika haya. Uingereza na Wales wana sheria ya mwaka 1996 ya kuta za pamoja. Anayetaka kukarabati anampa jirani notisi ya maandishi miezi 2 kabla. Jirani asipojibu ndani ya siku 14 inahesabika kuna mgogoro, wanaitwa wakadiriaji waamue kazi na nani alipe nini. Ufaransa, sheria yao ya kiraia kifungu cha 655 kinasema ukarabati unawabana wote wenye haki kwenye ukuta, kila mtu kwa sehemu yake. Asiyetaka kuchangia anaiachia haki yake, ilimradi ukuta haujabeba jengo lake.

Mwenye uzi: Umesikia?! Aiachie! Akautoe na huo msumari!

Kifungu: Ila kwa sheria ya 1996 mkuu, ungetakiwa utoe notisi kwanza.

Zege_Zito: Nilisema mimi.

Ghorofa_Tatu: Nyie mna raha, mnagombana wawili. Sisi paa moja, familia nane. Juu kunavuja, nimepanga masufuria sebuleni kama ngoma za harusi. Wa chini anasema hachangii kwa sababu mvua haimfikii!

Wa_Chini: Huyo wa chini ni mimi. Mwambie na watu wote kwamba pampu ya kupandisha maji huko juu nalipia sawa na wewe, na mimi maji yananifikia bila pampu.

Ghorofa_Tatu: Na maji yakipita darini kwangu yatashukia wapi kama si kwako? Subiri tu.

Bibi_Mpaka: Pampu! Msinikumbushe pampu. Kisima cha pamoja, kila ikiungua nanunua mimi, wao wana ndoo tu.

Mwenye uzi: Jamani turudini kwenye uzi. Sasa hivi nimechungulia, kaongeza msumari wa pili. Nguo zimeanikwa.

Wa_Chini: @Bibi_Mpaka hiyo pampu yenu ni ya kuzamisha au ya juu? Yetu inaungua kila mara na fundi anasema ni umeme mdogo.

Bibi_Mpaka: Ya kuzamisha. Umeme si tatizo, ni mchanga. Na wa kuusafisha ni mimi!