Naomba ushauri: mchanga unabanduka kwenye picha zangu

Ndugu zangu, salaam aleikum. Mimi ni mchoraji, naishi Mji wa Kale, Mombasa. Sichori majahazi wala minazi. Nachora kile kinachobaki ukishafumba macho: kuta za matumbawe za Fort Jesus jua la saa saba, matope ya mikoko ya Tudor maji yakitoka, ile buluu inayogeuka kijani ukivuka Likoni kwa feri.

Shida yangu ni hii. Huchanganya mchanga wa Nyali na rangi ya akriliki ili uso wa picha ukwaruze kama mwamba. Wakati wa kaskazi hukaa vizuri. Kusi likiingia na mvua za masika, turubai hutoa jasho, mchanga hubanduka, na nyuma huota ukungu. Picha tatu zimeharibika, moja ni ya mteja, na imeniuma sana. Nashuku chumvi, maana huvuta unyevu wa hewani, na mchanga wenyewe sijawahi kuuosha.

Je, nikiuosha kwa maji ya mvua na kuukausha, yatosha? Au niache turubai nichore juu ya mbao? Na mteja nimrudishie pesa, au nimchoree nyingine? Aliyewahi kuchora karibu na bahari anielekeze, tafadhali.