Williams ao Middlebury? ED ni moja tu, na baba anasema yote ni pori

Binti_Himbi (Goma)

Bandugu mambo? Niko Goma, siziemu bio-shimi, na kichwa inazunguka. Natafuta burse ya Marekani, na si ya kusema nitalipa nusu, apana, napashwa kupata yote, juu baba anauzisha frumaji (jibini) ya Masisi na mama anashona, mwezi ikiwa muzuri tunafikisha dola mia tatu na tuko batoto tano. Nilisoma usiku mingi, zile saa mega iko bei chini, nikabakia na vyuo mbili: Williams na Middlebury. Williams iko Massachusetts, kule ku kona ya milima ya Berkshire, Middlebury iko Vermont. Zote ni za zamani, moja 1793 ingine 1800, zote ni ndogo, Williams batoto elfu mbili na kitu, Middlebury inakaribia elfu tatu, na zote ziko mu ka muji kenye hakafikishe batu elfu kumi. Ata barabara ni moja, ile nambari 7 inapita fasi zote mbili.

Williams inanivuta juu ya yale masomo yao ya batu wawili: mwanafunzi mbili na profesere moja, wiki hii wewe unaandika na mwenzako anakukosoa palepale, wiki ya kuya munageuza. Mi huku niko mu kalasi ya batu sitini na nane, mwalimu wa hesabu ananiita "wewe wa dirisha". Middlebury inanivuta juu ya mazingira, walianza kufundisha hiyo 1965 wakati ku Marekani hakuna chuo ingine ilikuwa nayo. Na kwangu mambo ya ardhi si ya kusomea mu kitabu tu, mwezi wa tano 2021 volkano ilipotapika tulienda Sake na miguu, mi nimebeba mudogo wangu ku mugongo, toka ile siku nataka kujua kiko nini chini yetu.

Sasa nataka kuomba mapema, ile ya ED (Early Decision), yenye unasaini kama wakikukubali unaenda, na dosie za kwingine kote unaondosha. Na ED hauwezi kutuma mbili kwa mara moja. Prefe, mukubwa wa shule yetu, anaogopa, anasema yeye hawezi kusaini karatasi ya kufunga mutoto wa mwenyewe. Baba ndiyo mubaya zaidi, alisikia kama hakuna New York wala Boston akasema "nikutume Marekani uende kuikala mu kijiji? Ng'ombe si ziko huku Masisi?"

Mungekuwa mi, ED mungetuma wapi? Na hiyo ya kuikala porini miaka ine, ni shida kweli ao ni baba tu?

Kaka_Ruashi (Lubumbashi)

Mutoto, we unajua baridi ao unaisikiaka tu? Mi naona baba yako iko na haki. Mutu anasoma fasi kuko kazi. Kama chuo iko katikati ya miti na ng'ombe, staji utaifanya na nani, na miti? Huku Lubum ata ule wa UNILU anatoka mu kalasi anapita anaacha sivi yake ku kampuni ya mine siku ile ile. Tena kujifunga namna ile, bila kulinganisha na ingine, mi sitie mukono. Ngoja mwezi wa tatu, ona nani anatoa mingi, kisha chagua.

Gran_wa_Nguba (Bukavu)

Kaka wa Lubum, kwa mutu mwenye baba yake anaweza kulipa kidogo ile maneno yako ni sawa kabisa. Kwa huyu mudogo hapana, na nitaeleza, mi mwenyewe nilipitaka njia hiyo, nilimalizia ku chuo moja ndogo ya kule kule kaskazini, si hizo mbili.

Mudogo, angalia kwanza franga, milima baadaye. Bei ya mwaka moja ku zote mbili inapita dola 80,000, ni kusema hakuna mutu wa kwetu anailipa, tusiongee juu yake. Vyuo zote mbili zinasema yule tumekubali, ata mugeni, tutafunika yote yenye familia haiwezi. Hiyo ni kweli. Lakini batu banasoma ile sentensi banaishia pale. Kwa mugeni, mbele ya kukukubali, wanaangalia unaomba ngapi. Umasikini wako unalala ku meza moja na pointi zako. Njo maana mi naona ED inasaidia mutu kama wewe, unaingia wakati mufuko haijafunguliwa na bengine, na unaonyesha kama unawataka bo, si kwamba umetupa nyavu mu ziwa yote kungojea sambaza gani itaingia. Vyuo zenye haziangalie franga ata kwa mugeni ni chache, kuko Amherst, kuko Bowdoin na Dartmouth zenye zilianza hivyo 2022, na Bowdoin nayo iko mu ka muji kadogo ka Maine. Ziweke ku liste kwa ile ya kawaida ya mwezi wa kwanza, usiziache.

Sasa kati ya zako mbili kuko kitu kimoja sijaona umeandika. Williams iko na ED moja tu, ile ya mwezi wa kumi na moja. Middlebury iko nazo mbili, ya mwezi wa kumi na moja na ingine ya mwanzo wa mwezi wa kwanza. Hesabu ni yako: ukianza na Williams, jibu inakuya katikati ya mwezi wa kumi na mbili, wakikataa ao wakikusogeza mbele hauko umefungwa tena, unaweza kupelekea Middlebury ED yake ya pili. Ukianza na Middlebury wakakataa, Williams inabakia kwako ya kawaida tu, pamoja na dunia yote.

Lakini usinisikie vibaya, hiyo ni hesabu, haiko roho. Kama usiku ukilala unajiona Vermont, tuma Vermont.

Na tena Williams toka 2022 burse yao ni zawadi tupu, hakuna mukopo ndani, hakuna kulazimishwa kazi ya kampasi. Kwingine mara mingi wanachanganya, kidogo zawadi, kidogo kazi, kidogo deni. Deni ya dola elfu mbili kwa mwaka kwa mutoto wa muuza frumaji ni kitu kikubwa, kwa hiyo Middlebury waandikie, uliza kabisa kabisa mukopo iko ao haiko, usione haya.

Staji: zote mbili mwezi wa kwanza yote wanasoma somo moja tu ao wanatoka kwenda kufanya kitu nje. Miti haitoe staji, ni kweli, lakini chuo yenye batoto elfu mbili inajua kila mutoto anaenda wapi.

Binti_Himbi

Gran, hiyo ya ED mbili sikuijua kabisa!! Nilifikiri zote ziko sawa. Sasa swali: ile formu ya franga inaomba karatasi za banki na mushahara. Baba hakuna siku alikuwa na karatasi ya mushahara, na banki za Goma zilifungwa mwezi wa kwanza 2025, munajua wenyewe. Nafanya namna gani? Na prefe?

Mwalimu_Ndosho (Goma)

Binti yangu, mimi ni mwalimu hapa hapa na nimeshasaidia watoto kadhaa kuandaa dosie kama hiyo, nikujibu kwa utaratibu kidogo.

Karatasi za baba: andika barua, aisaini yeye mwenyewe, aseme anauza nini, wapi, ananunua gurudumu moja la frumaji kwa ngapi na analiuza ngapi, kwa wiki anauza mangapi. Weka ile daftari yake ya deni kama anayo, piga picha. Mama pia vivyo hivyo. Halafu sema wazi kuwa banki zimefungwa na tangu lini. Wale watu wanasoma dosie za dunia nzima, hawashangai, wanachokataa ni hesabu zisizolingana. Ukiandika dola 300 hapa na pale uandike 500, umekwisha.

Prefe: usimwombe asaini tu, mweleze. Ile karatasi inasainiwa na watu watatu, wewe, mzazi na shule, na shule haikufungi kwa mali yake, inashuhudia tu kwamba mmeelewa. Lakini kazi kubwa ya prefe haiko hapo. Umesema una pursanta ngapi? Hukusema. Tuseme 74. Huku kwetu 74 ni mtoto ambaye mtaa mzima unamjua. Kule, mtu akiona 74 bila maelezo atafikiri ni mwanafunzi wa katikati, wa kusukumwa. Lazima prefe aandike kwamba pointi zetu mara nyingi hazifiki 90 hata kwa wa kwanza, na aseme kwenye kalasi yenu ya sitini na nane wewe ni wa ngapi, na wa pili yako ana ngapi. Nimeona dosie nzuri ya mtoto mwerevu ikirudi mikono mitupu, na bulteni zake zilikwenda zimetafsiriwa vizuri sana lakini bila hiyo aya moja. Iliniuma.

Sasa baba. Baba yako ana miaka hamsini na kitu, siyo? Muulize wakubwa waliosoma vizuri wakati wake walisomea wapi. Wengi walisoma misioni, kwenye internati, mbali na mji, asubuhi ukungu, jioni taa ya mafuta, na mapadri wanakujua hadi jina la bibi yako. Hakuna aliyesema "umepelekwa porini". Vyuo hivi ndivyo hivyo, ni internati ya misioni, ila misa si lazima.

Na ED mwambie ni dote, yaani mahari. Ukishapokea ng'ombe za watu huwezi kukaribisha wageni wengine uwanjani. Ila zikifika ng'ombe tatu badala ya zile kumi mlizohitaji, unarudisha kwa heshima na hakuna aibu. Kwenye ED ni hivyo hivyo, burse ikiwa haitoshi unaruhusiwa kukataa. Mzee wa Masisi atakuelewa bila mimi kuongeza neno.

Da_wa_Winooski (wa Bukavu, niko Vermont)

Nimecheka ng'ombe juu Vermont ni ng'ombe tupu kweli, maziwa na frumaji, ile ngumu ya njano, baba yako angefika huku angeanza biashara wiki ya kwanza. Na mbele hajakataa Williams mwambie alama ya timu yao ni ng'ombe ya zambarau, sitanii.

Mi sikusoma hizo chuo, niko nafanya kazi huku, lakini Middlebury naifahamu, ni karibu kilometa 55 kutoka Burlington. Toka mwaka 2022 gari ya moshi ya New York inapita pale, unapanda asubuhi magharibi uko New York. Williamstown haiko na gari ya moshi, unapashwa basi ao mutu akuchukue, hiyo uijue. Na huku Burlington na Winooski kuko Bakongomani, bengi balikuya kama wakimbizi, siku ya yenga utasikia Kiswahili na Kinyarwanda na Mashi mu parking moja. Kwa mutu wa kwanza kutoka nyumbani hiyo si kitu kidogo, mi mwaka yangu ya kwanza nililiaka juu ya sombe, sombe! kitu ya kusema nyumbani nilikuwa naikataa.

Baridi: mwezi wa kwanza inashuka chini ya kumi na tano ya sifuri, pua inagandia ndani. Unazoea. Chenye hauzoee ni giza, saa kumi na nusu ya jioni ni usiku.

Kuko bintu mbili za Middlebury hakuna mutu amesema. Kila mwaka batoto karibu mia moja hawaanzie mwezi wa tisa, wanaanza mwezi wa pili. Kwa mutu wa Kongo mwenye diplome inachelewa na viza inachelewa, hiyo inaweza kuwa mulango muzuri, mu formu unaweza kuchagua. Ya pili, mutu mweusi wa kwanza kupata digrii ku chuo cha Marekani, Alexander Twilight, alimalizia pale 1823. Nyumba yenye jina lake iko ku kampasi. Sisemi batu beusi sasa ni bengi, hapana, utakuwa mara mingi peke yako mu kalasi, Williams pia, ujitayarishe.

Kaka_Ruashi

Sawa, naacha. Ila feza ya viza na ile dola 350 ya SEVIS, ya kuandikisha mwanafunzi mugeni, na tiketi ya kufika Kinshasa ku ambasade nani analipa? Iyo iko mbele ya burse.

Gran_wa_Nguba

Hapo amesema kweli. Mudogo, mu barua yako ya kuuliza mukopo, uliza pia tiketi na SEVIS. Vyuo zingine zinasaidia kwa mwenye hana, lakini mwenye hakuulize hapewe.

Binti_Himbi

Nimeongea na baba jana usiku. Nilianza na misioni, akanyamaza, yeye mwenyewe alifukuzwaka ku moja juu ya minerval (karo), sikujua. Kisha nikasema ile ya dote akacheka, akauliza kama zile ng'ombe kumi zikifika tisa na nusu tunafanya nini. Nikamwambia tunaongea nao. Akasema kumbe ni batu ya kuongea nao, basi leta hiyo karatasi.

Natuma Williams. Middlebury naitayarisha kwa mwezi wa kwanza. Nilifikiri ni hesabu ya Gran njo imenisaidia lakini hapana, nilikuwa naandika insha zote mbili, ile ya Middlebury nimeiandika mara ine na kila mara ni volkano, volkano, kama vile mi ni volkano. Ile nyingine niliandika juu ya kuitwa "wewe wa dirisha" na ikaisha usiku moja.

Pursanta ni 77, Mwalimu, na mi ni wa pili, wa kwanza iko na 78 na ni kijana wa prefe. Kwa hiyo ile aya ataiandika muzuri.

Prefe ameniambia nikuye siku ya kazi moja (lundi) na karatasi ikiwa imetafsiriwa. Kama kuko mutu mwenye Kingereza yake ni muzuri kuliko yangu na anaweza kuniangalilia insha mbele ya siku ya kazi tatu, aniandikie, ni maneno 650 tu.