Kingatiba ya matende na mabusha: tumeze, au mbu wamalizwe kwanza?

Mzawa wa Mikindani: Juzi wagawa dawa wamepita mtaani na ile fimbo ya kupimia urefu. Nyumba tatu zikafunga milango. Huku mtaro wa nyuma yetu umejaa maji meusi, mbu hatulali. Idara ya afya ya manispaa ianze na lipi? Mimi nasema mtaro.

Kaka wa Chuno: Tumezeni kwanza. Waoga wa vidonge ndio wanaotuchelewesha.

Mama Ligula: Muoga nani? Nilimeza nikashinda kitandani najikuna, kichwa kinazunguka, na hakuna aliyenitahadharisha. Usiniite muoga.

Kaka wa Chuno: Pole dada. Hivyo ni vimelea vinakufa. Mwenye navyo vingi ndiye huumwa zaidi.

Mama Ligula: Sasa ndio unanitangazia ugonjwa mbele za watu!

Mtanda Lindi: Punguzeni madafu. Wazee walishasema.

Mzawa wa Mikindani: Madafu tena! Marehemu baba aliyaacha kabisa, busha likazidi kukua. Akawa haendi msibani, akiketi anakunja kikoi mara mbili mapajani. Alipopasuliwa ndipo akarudi msikitini. Usinirudishie habari za madafu.

Mtanda Lindi: Sikumgusa mzee wako, Mungu amrehemu. Nauliza tu, mbona mabusha yamejaa huku kwenye minazi?

Muuguzi mstaafu: Mnazi unapenda joto na unyevu, na mbu vilevile. Anayeambukiza ni mbu. Ivermectin na albendazole zinaua vimelea vichanga damuni, minyoo mikubwa inabaki hai miaka kadhaa, ndiyo maana dawa inarudi kila mwaka. Na huyu mbu wa mjini anazaliana kwenye maji machafu, hasa mashimo ya vyoo. Makunduchi kule Unguja, mwishoni mwa miaka ya 80, walimwaga punje nyepesi za plastiki zikaelea juu ya maji ya vyoo, na watu wakamezeshwa dawa. Mbu walipungua mno.

Kaka wa Chuno: Si ndiyo nilivyosema, dawa.

Muuguzi mstaafu: Umesoma nusu, mwanangu. Nimetaja na vyoo.

Mzawa wa Mikindani: Hizo punje atanunua nani, manispaa au mwenye nyumba?

Mama Ligula: Mwenye nyumba wangu? Shimo limefurika tangu masika, mfuniko umepasuka, jioni ukiusogeza mbu wanakupiga usoni. Kodi lakini haimpiti hata siku moja. Bwana afya aanze na huyo, halafu aje na fimbo yake, nitasimama nipimwe.